Mkurugenzi wa Makazi Bora

Wateja wawili wa kinyozi nusura washikane mashati, na ugomvi wenyewe haukuwa wa mwanamke wala wa shamba. Mmoja alikuwa anakaa Mtaa wa Juu, mwingine Bondeni, na kila mmoja aliapa kwamba katika vitongoji vyote vinavyouzunguka mji ule, cha kwake ndicho bora. Yule wa Juu alikuwa amekaa kitini, povu limemjaa nusu ya uso, na wembe wa kinyozi umesimama hewani ukimsubiri amalize kusema.

"Sisi tuna upepo," alisema. "Asubuhi unafungua dirisha, unauona mji wote uko chini yako."

"Upepo huo huo unaezua mabati yenu," alijibu wa Bondeni. "Sisi kila kitu kiko mkononi. Soko, shule, zahanati, kituo cha basi."

"Na matope."

"Hebu rudia hilo neno."

Kwenye benchi alikuwapo mtu mwembamba akisubiri zamu yake, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi mbele tu. Watu walimwita Mkurugenzi. Hakuna aliyejua ni mkurugenzi wa nini, na hata yeye mwenyewe ilitegemea siku. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa mashine ya kusafisha maji ambayo haikufika. Aliwahi pia kuwa mkurugenzi wa bima ya mbuzi, mpaka mbuzi wa kwanza alipokufa. Wiki ile hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote, na jambo hilo lilimkosesha raha kama mtu aliyetoka nyumbani bila mkanda.

"Aulizwe asiye na upande," alisema kinyozi, ambaye alitaka tu kumaliza kidevu. "Mkurugenzi, mtaa gani bora?"

Mkurugenzi akashusha gazeti. Akautazama uso mmoja, akautazama wa pili. Mbele yake walikuwa watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, wanamkodolea macho kama wanafunzi siku ya matokeo. Watu hawa, alijisemea, wako tayari kulipa ili waambiwe wanaishi mahali pazuri, na mahali penyewe ndipo wanapoishi tayari. Hapahitajiki bidhaa wala ghala, na mbuzi hahusiki kabisa.

"Siwezi kusema sasa," alijibu polepole. "Taasisi haijamaliza uchunguzi."

"Taasisi gani?"

"Taasisi ya Makazi Bora."

Ndivyo taasisi ilivyozaliwa, saa nne na robo asubuhi, kwenye benchi la kinyozi, na mwanzilishi wake hata nywele alikuwa hajanyoa.

Mchana ule alichongesha muhuri kwa fundi wa mihuri, mkubwa kama kisahani, wenye nyota tatu na neno TAASISI katikati. Kisha akaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi la njia panda, akanunua futi ya chuma ya kupimia. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyezoea kupandisha miwani juu ya paji la uso, alimuuliza anajenga nini.

"Sijengi, mama. Napima mitaa."

"Unaipima nini?"

"Ubora."

Yule mama, ambaye mji mzima ulimwita Mama Saruji, aliishusha miwani akamtazama vizuri, kisha akamrudishia chenji.

Jioni Mkurugenzi alirudi nyumbani, Mwisho wa Lami. Kitongoji hiki kilipata jina lake kwa sababu ya kweli kabisa: lami ilifika pale, ikachoka, ikaacha vumbi liendelee na safari. Aliishi na dada yake mkubwa katika nyumba ya vyumba vinne waliyoachiwa na wazazi. Dada alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa akisubiri siku ambayo ndugu yake atapata kazi inayoweza kutajwa mbele ya majirani bila kukohoa kwanza.

"Hiyo taasisi inafanya nini hasa?" aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye pedeli.

"Inachunguza vitongoji, dada. Inawaambia watu wapi pazuri pa kuishi, ili mtu asije akaingia mahali akajuta."

Dada akasimamisha cherehani. "Hiyo ni kazi ya maana," alisema. "Vua hilo koti nikunyooshee mgongo. Mtu wa kazi kama hiyo hawezi kutembea amepigiwa pasi upande mmoja."

Mkurugenzi alivua koti. Kama aliona haya, aliona kidogo tu, na kabla pasi haijapata moto haya ilikuwa imeshapita.

Wiki iliyofuata alipanda Mtaa wa Juu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa meneja wa benki aliyestaafu, mtu wa kufunga vifungo vyote hata kwenye joto. Alimkuta Mkurugenzi amepiga magoti barabarani, anapima upana wa mtaro kwa futi, shingoni amening'iniza kipimajoto alichokitoa kwenye jokofu bovu.

"Ndugu, unatafuta nini?"

"Ukweli, mzee," alisema Mkurugenzi bila kuinua kichwa. "Mtaro sentimita arobaini. Harufu, hakuna. Upepo, wa daraja la pili."

"La pili? Kwa nini la pili?"

Mkurugenzi akanyanyuka, akajikung'uta magoti kwa huzuni ya daktari. "La kwanza linahitaji vipimo vya ziada. Na taasisi, mzee wangu, haina fungu la vipimo vya ziada. Nasikitika, maana Bondeni wao wameshajitolea."

Jina la Bondeni lilipotajwa, shingo ya meneja mstaafu ilirefuka ndani ya kola. Aliuliza Bondeni wamejitolea kiasi gani. Mkurugenzi akasema hiyo ni siri ya taasisi, kisha akamnong'oneza. Jumapili ile ile wakazi wa Mtaa wa Juu walichangishana, na bahasha iliyoshuka kutoka kilimani ilikuwa nene kiasi cha kuinamisha koti upande.

Bondeni hakuhitaji hata kupiga magoti. Mwenyekiti wa huko alikuwa fundi bomba, mchangamfu, na alimpokea kwa mikono miwili huku suruali imekunjwa hadi magotini.

"Haya maji unayoyaona ni ya leo tu," alisema, wakiruka kutoka tofali moja hadi jingine kuelekea kwake.

"Jana hayakuwepo?"

"Jana yalikuwepo mengine."

Viatu vya Mkurugenzi vilikunywa maji mpaka vikashiba, na aliapa kimoyomoyo kwamba hata akipewa nyumba ya bure Bondeni, atalala juu ya mti. Lakini kwenye jalada aliandika: hewa yenye unyevu unaofaa ngozi. Fundi bomba alisoma maneno hayo, akayarudia kwa sauti, akaenda kuyasoma sokoni. Kabla ya saa sita bahasha ya pili ilikuwa imefika, na ndani yake, kwa kuwa watu wa Bondeni wana moyo, kulikuwa na soksi kavu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Angechapisha ripoti mbili zenye jalada moja. Ya kupelekwa juu ingesema Mtaa wa Juu ni wa kwanza, ya kupelekwa chini ingesema Bondeni ni wa kwanza. Watu wa mitaa ile hawakuwa wakitembeleana, na wakija kugundua, yeye mwenyewe angekuwa mji mwingine, amenyoosha miguu.

Ndipo Mama Saruji alipomtumia salamu kwamba anamhitaji dukani.

Alimkuta nyuma ya kaunta akipima misumari kwenye mizani, mmoja mmoja, kama mtu anayepima dhahabu.

"Nasikia unauza nafasi ya kwanza," alisema bila kuinua macho.

"Siuzi, mama yangu. Nafasi inatafutwa kwa vipimo."

"Sawa. Mimi naitaka ya mwisho."

Katika maisha yake yote ya ukurugenzi, Mkurugenzi alikuwa hajawahi kuombwa nafasi ya mwisho. Akauliza, "Ya mwisho, mama? Kwa mtaa gani?"

"Mwisho wa Lami."

"Lakini mama, kule ndiko ninakoishi."

"Basi utaandika vizuri, maana unapajua." Akasukuma bahasha juu ya kaunta kwa kidole kimoja. "Nina vibanda viwili kule. Napenda utulivu. Watu wakisikia ni pazuri watajazana, wataleta na miziki. Andika vumbi. Andika giza. Andika chochote kitakachomfanya mtu mwenye akili akimbie."

Mkurugenzi aliitazama bahasha. Kupokea pesa kwa kusifu ilikuwa kazi ya kila siku, lakini kupokea pesa kwa kuponda ilikuwa nchi mpya kabisa, na yeye ndiye mgeni wa kwanza kuikanyaga. Akaichukua. Ni karatasi tu, alijiambia. Nyumba yenyewe haisomi.

Aliandika usiku kucha kana kwamba wino umelipiwa na serikali. Aliandika kwamba vumbi la Mwisho wa Lami hupunguza umri wa mapafu kwa miaka sita. Aliandika kwamba udongo wake umechoka na kuta zitaanza kuzama taratibu, kuanzia upande wa jikoni. Nyuma ya ukuta, upande wa jikoni, dada yake alikuwa amelala fofofo. Sura ile ya vumbi na udongo ilikuwa tamu sana kwa mwandishi wake, basi akaiweka kwenye ripoti zote mbili, ya Juu na ya Bondeni, bila kubadili hata nukta.

Zikachapwa. Akazigawa kwa asubuhi moja, hizi kilimani, zile bondeni, akipigiwa makofi pande zote. Kisha akamwambia dada kwamba taasisi imemtuma safari ya kikazi, akala kona. Kwa wiki tatu alikaa nyumba ya wageni katika mji wa jirani, akila vizuri na kulala mpaka jua linapanda, akisubiri mambo yapoe.

Aliporudi Mwisho wa Lami alikuta lori mbele ya nyumba yao. Mafundi wawili walikuwa wanapaka lango rangi ya kijani. Barazani kulikuwa na vifurushi, na cherehani ya dada yake ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Dada akatoka mbio, akamkumbatia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso uling'aa.

"Mdogo wangu, nimetuokoa," alisema.

"Kutoka wapi?"

"Mteja wangu mmoja wa Bondeni alikuja na ripoti yenu. Nilipoona jina lako pale chini na muhuri wenye nyota, nililia. Nikamwambia, huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Halafu nikasoma kuhusu mtaa wetu." Akashusha sauti. "Nikaelewa kwa nini ulikuwa huwezi kuniambia ana kwa ana. Uliona uchungu. Kila usiku nilikuwa nasikia ukuta wa jikoni unalia."

"Dada, lori hili ni la nani?"

"La yule mama wa saruji. Mungu ambariki, ndiye pekee aliyekubali kununua. Wengine wote wakisoma ripoti wanakimbia. Bei aliyotoa ni ndogo, ndiyo, lakini nani mwingine angenunua nyumba inayozama?"

Mkurugenzi aliketi juu ya kifurushi. "Nyumba ni ya sisi wawili," alisema. "Sahihi yangu uliitoa wapi?"

"Si ulinisainia karatasi mwaka ule wa mbuzi, ulipokuwa safarini na watu wanakuulizia kila siku? Ulisema nifanye lolote nitakaloona linafaa." Akatabasamu. "Na sikuzila pesa. Nimetununulia nyumba kwenye mtaa wa kwanza, kama ripoti inavyosema. Bondeni. Tunahamia leo."

Mafundi waliendelea kupaka lango.

Dada akamtazama. Tabasamu lake likapungua kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. "Mbona umenyamaza?" aliuliza. "Yale uliyoyaandika ni ya kweli, sivyo?"

Hapo ndipo Mkurugenzi alipojikuta mahali ambapo futi yake haifiki. Akisema ni uongo, labda nyumba ingeweza kupiganiwa, lakini angekuwa amemwambia dada yake kwamba miaka kumi na mitano aliyosubiri bado inaendelea. Aliitazama mikono ya dada, vidole vilivyotobolewa na sindano mara elfu. Alilitazama koti lake, ambalo siku ile lilikuwa limenyooka mbele na nyuma.

"Ni ya kweli, dada," alisema. "Yote."

"Basi beba upande huu wa cherehani."

Kesho yake alikwenda dukani kwa Mama Saruji akiwa amefura. Alimkuta kwenye kiti, miwani juu ya paji, anapiga mahesabu ya mifuko ya saruji.

"Ulijua ni nyumba yetu," alisema.

"Nilijua. Ndiyo niliyoanza nayo. Nilijua dada yako akisoma maandishi yako hatauliza mara mbili." Akamwonyesha kigoda. "Keti, mwanangu. Nimenunua tisa mpaka sasa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mkandarasi wa barabara amekuja kuagiza saruji ya mitaro. Kilomita nane. Lami inapita mlangoni kwenu, inakwenda mpaka mtoni." Akafikiri kidogo. "Mlangoni kwangu, samahani. Hata jina la mtaa itabidi libadilishwe."

"Nitasema ripoti ni ya uongo."

"Sema," alijibu Mama Saruji kwa upole. "Utaanzia wapi, kilimani au bondeni? Nikuitie gari?"

Mkurugenzi hakuanzia popote. Alirudi Bondeni kwa kuruka tofali.

Huko walimpokea kama mfalme. Fundi bomba alikusanya watu, akawaambia kwamba msomi huyu amezunguka vitongoji vyote, kote kote, na mwisho wa yote ameamua kuja kuishi nao, na kama kuna mwenye shaka na ripoti sasa anyamaze. Wakampigia makofi. Mkurugenzi aliinamisha kichwa, na maji yakaingia kwenye kiatu cha kushoto. Usiku ule vyura waliimba chini ya dirisha lake mpaka alfajiri, na kulipokucha alijikuta amejua majina yao kwa sauti.

Dada yake, kwa upande wake, hakuwahi kuwa na raha kama ile. Bondeni kuna watu, na watu wa mtaa wa kwanza hawawezi kuvaa ovyo. Wanawake walijipanga barazani na vitambaa. Kila mteja aliambiwa kwamba yule kaka anayekausha viatu uani ndiye Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa akiinua kiatu kidogo kuwaamkia.

Mwezi wao wa tatu Bondeni siri ikaanza kuvuja. Mtu wa Mtaa wa Juu alileta suruali ipunguzwe, mfukoni akiwa na ripoti yake. Fundi bomba alikuja mbio, ripoti mbili mkononi, na Mkurugenzi aliposikia hatua zake kwenye maji alianza kutafuta dirisha linalopitisha mabega.

"Mkurugenzi, angalia ushenzi huu," alisema fundi bomba, akihema. "Watu wa Juu wameghushi ripoti yako. Wamejiweka wa kwanza. Hata muhuri wameuiga, na nyota zake."

Mkurugenzi aliishika ripoti, akaigeuza. "Watu hawana haya," alisema.

"Na wao wanasema sisi ndio tumeghushi. Basi tumekaa wenyeviti wawili, tumekubaliana. Wewe unaishi huku, watasema unapendelea. Tunaleta taasisi nyingine, kubwa zaidi, imalize ubishi. Kila nyumba inachangia. Kesho mkaguzi anaanza na kwako, kwa heshima."

Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi akiwa amevaa mabuti ya mpira, jalada kwapani na futi mpya mkononi, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Dada alimletea kiti na kumshukuru tena kwa kuinunua nyumba yao siku zile za shida. Mama Saruji alimwambia asijali, ndiyo kazi ya binadamu. Dada alipoingia ndani kuchemsha chai, mkaguzi alichungulia uani, akapima kina cha maji kwa futi, akatega sikio.

"Vyura," alisema, na kalamu ikaanza kutembea. "Wengi."

"Mama," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya chini, "hilo la vyura ni lazima liandikwe? Dada yangu huwa anazisoma ripoti hizi."

Kalamu ikasimama. Mama Saruji alishusha miwani, akamtazama kwa huruma halisi kabisa, ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi.

"Si lazima," alisema. "Lakini kutoandika chura kuna gharama yake, na hapa nimeshahesabu ishirini na saba."

Mkurugenzi alisikiliza. Ndani, akisubiri chai ichemke, dada yake alikuwa akiimba juu ya kelele za cherehani. Alisimama, akavuka ua kwa kuruka tofali, akaingia chumbani kwake, akainua godoro na kutoa bahasha mbili, ile ya kilimani na ile ya bondeni.